Siku moja maishani mwangu: kati ya robota na roboti

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni kuiongoza roboti inayochambua nguo kuukuu kwa aina ya kitambaa, ili zirejelezwe. Kabla mkanda haujawashwa, naweka kigae cheupe chini ya kamera ya infraredi, ile inayotambua kitambaa kwa miale isiyoonekana kwa macho inayorudi kutoka kwenye nguo, ili ipate kipimo cha kulinganishia. Kisha nafuta lenzi. Vumbi la nyuzi huingia kila mahali, hata masikioni.

Saa 1:15. Tunakata kamba za robota la kwanza. Nguo zilizobanwa muda mrefu hutoka zimeng'ang'aniana.

Saa 2. Mkono wa roboti umeinua fulana, ikaja na suruali. Ndiyo kazi yenyewe hii. Kamera ya kina, inayopima umbali, huchagua ncha iliyo juu kabisa ya lundo, koleo linashuka, linabana, na hapo ndipo mambo huharibika. Chupa ni chupa hata ikilala ubavu; shati ukilitupa mara kumi litakupa maumbo kumi. Vikombe vya kufyonza havifai kwa sweta, hewa inapenya. Sindano hushika blanketi vizuri, lakini kwenye fulana nyembamba hutoboa hadi nguo ya chini. Nikikata tamaa hukumbuka watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010: roboti yao ilikunja taulo moja kwa wastani wa dakika 25 hivi, na ilihesabika ushindi mkubwa.

Saa 4. Koti jeusi. Rangi nyeusi nyingi humeza miale ya infraredi, kwa hiyo kamera haipati cha kusoma. Lebo imekatwa. Linaingia kwenye pipa la "haijulikani", na pipa hilo hujaa haraka kuliko yote.

Saa 5:20. Ghafla mfumo unakataa pamba, moja baada ya nyingine. Nakagua taa, nakagua kigae, nawasha programu upya. Nusu saa imekwenda. Mama mmoja aliyechambua nguo kwa mikono miaka mingi kabla ya mashine kuja anapita, anafinya fulana moja na kuirudisha.

"Mwanangu, hizi mbichi."

Katikati ya robota kulikuwa na unyevu. Maji nayo humeza infraredi, hasa karibu na nanomita 1450, yakavuruga alama tunayoitafuta. Nilijua hilo vizuri sana. Nilichosahau ni kushika nguo.

Saa 8 mchana. Nawekea picha alama ili mfumo ujifunze kuvitambua: zipu, kifungo, kifungo, zipu. Chuma kikifika kwenye mashine ya kuchana nguo ziwe nyuzi tena, meno yanaumia. Vifungo vyenye rangi ya kitambaa vinanitoa machozi.

Saa 9:30. Koti lenye bitana limepita kama sufu. Kamera huona upande wa juu tu. Bitana ni polista. Nalirudisha kwa mkono.

Saa 11 jioni. Mkanda umezimwa. Robota bichi limetandazwa likauke, nami nimeandika ombi la kihisi cha unyevu. Mama kalisoma begani mwangu, akanionyesha vidole vyake viwili, akaenda kubadilisha nguo.