Vayoleti yangu ilioza shina, leo imetoa ua

Jamani leo asubuhi afrikan vayoleti yangu imefungua ua la kwanza tangu ioze, nimekaa naliangalia tu. Naandika maana wakati nahangaika nayo nilipewa ushauri mbovu sana na sitaki mwingine apoteze la kwake.

Ni lile ua dogo la majani manene yenye manyoya laini kama sikio la paka, maua ya zambarau yenye vipunje viwili vya njano katikati. Wengi wanadhani limetoka Ulaya kumbe kwao ni milima ya Usambara, mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani aitwaye Saint Paul ndo aliyapeleka kwao na mpaka leo wengi wanaliita Saintpaulia. Kule linaota kivulini kwenye mawe, udongo kiganja tu. Mimi nipo Dar, joto, na maji yetu ni ya kisima, chumvi tupu.

Shangazi alinipa akiwa anatoka Muheza, akaniambia mwanangu, hili usilinyweshe kichwani. Basi. Siku majani yakalegea, fundi bustani wa jirani akasema dada hilo lina kiu, tena kopo dogo, hamishia kwenye chungu kikubwa weka samadi. Nikafanya hivyo hivyo, na maji kila siku asubuhi na jioni. Kumbe mizizi ikikosa hewa inaoza, ikioza hainywi, kwa hiyo jani linalegea vile vile kama lenye kiu, na wewe unaongeza maji! Wiki na nusu tu moyo wake ukawa rojo la kahawia, nikalishika kichwa kikabaki mkononi, chini hakuna hata mzizi.

Nililia, sifichi. Halafu nikachukua wembe mpya nikaanza kukata lile shina vipande vyembamba kama vya karoti. Kipande cha kwanza kahawia, cha pili duara la kahawia katikati, cha tatu kidoti. Cha nne kijani kitupu! Nikabakiwa na kishina cha nusu kidole na majani matano ya katikati, nikaacha kikauke saa moja hivi, nikakipanda kwenye vumbi la makumbi ya nazi lenye unyevu tu, ukiliminya lisidondoshe maji, nikafunika na chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyokata kitako. Majani mazima ya pembeni nikayakata yabaki na kikonyo kama sentimita tatu, nayo nikayachomeka, maana jani moja linatoa mmea mzima. Usiyatupe kabisa.

Mwezi ukapita ndo kishina kikashika, ukikivuta kidogo kinagoma. Majani yalichukua zaidi ya miezi miwili kabla vitoto havijachungulia pembeni ya kikonyo, vidogo kama masikio ya panya.

Umwagiliaji sasa natumia utambi. Nilianza na kipande cha kanga kikaoza ndani ya wiki chache, nikabadili kamba ya nailoni, inapita tundu la chini la kopo inaingia kwenye kopo la siagi lenye maji, mmea unajinywea wenyewe. Maji ni ya mvua, yakiisha nakinga ya AC, yale ya kisima yaliacha ukoko mweupe ukingoni na kila kikonyo kilichougusa kiliungua. Kopo lenyewe dogo, jamani, kubwa linakaa na maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa.

Nimeliweka dirisha la jua la asubuhi nyuma ya pazia jepesi, mbali na upepo wa AC. Gharama zote sidhani kama zilifika elfu kumi, vumbi la makumbi ndo nililonunua.

Vitoto vitatu vimeshapata makopo yao, kimoja ni cha shangazi akija mwezi ujao.