Chukulia p ni 0.9

Daftari lile bado ninalo. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa wino: "Chukulia p = 0.9." Pembeni yake, kwa penseli na kwa mwandiko usio wangu, pameandikwa: "Umeichukulia wapi?"

Ilikuwa masika ya 2011, ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye kijiji kimoja cha Ulanga kilichozungukwa na mashamba ya mpunga. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya hisabati Dar es Salaam. Tasnifu yangu ilihusu malaria, lakini ungeniomba nikuonyeshe mbu anayeambukiza malaria katikati ya mbu wengine, ningekuonyesha yule aliyeniuma mara ya mwisho. Msimamizi wangu hakuona sababu ya mimi kusafiri. "Data utatumiwa," alisema. "Wewe kaa na milinganyo yako."

Data zikatumwa kweli, jedwali la mistari zaidi ya elfu moja. Safu moja ilikuwa na kichwa "siku", na kuanzia juu hadi chini ilikuwa imejazwa kitu kimoja: 2-3. Kompyuta yangu ikaisoma kama tarehe. Nikawa na 2 Machi zaidi ya elfu moja, na nusu siku nzima nilijiuliza tarehe hiyo ilikuwa na mbu gani wa ajabu. Nikapiga simu. Dada aliyepokea alicheka mpaka akakohoa. "Njoo uone mwenyewe, mdogo wangu. Mambo haya hayaelezeki kwa simu."

Nikaenda. Basi mpaka Ifakara, pantoni kuvuka mto, kisha pikipiki kwenye tope. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza, hadubini mbili, na jokofu lililotegemea jenereta. Dada alikuwa amenizidi miaka kama kumi na tano. Alikuwa na stashahada tu, kama alivyosema mwenyewe, na aliitamka ile "tu" huku akinitazama usoni kuona nitafanyaje.

Usiku watu wa kituo walitundika mitego ya taa kwenye nyumba za wanakijiji, karibu na kitanda, upande wa miguu. Alfajiri mbu waliletwa. Dada aliwachagua kwa koleo ndogo, huyu Culex, asiyeambukiza malaria, weka kando, huyu ndiye. Kisha kila mmoja akalazwa kwenye kioo, tone la maji, sindano mbili, na kwa mvuto mmoja mwororo ovari zikatoka. Akaniambia nichungulie.

Niliona vijimirija vya hewa vimejisokota kama waya wa simu ya mezani. "Huyu hajawahi kutaga," alisema. Akabadilisha kioo. Huyu wa pili mirija yake ilikuwa imenyooka, kama waya wa simu uliovutwavutwa na watoto mpaka haurudi tena. "Huyu ni mama. Mayai yakishajaa ndani, yanavuta ile misokoto na haijikunji tena maisha." Hivyo ndivyo umri wa mbu unavyosomwa. Mimi nilijaribu, na mbu wangu tisa wa kwanza waligeuka uji.

Wakati wa chai ndipo alipolivuta daftari langu. Nikamweleza kwamba p ni uwezekano wa mbu aliye hai leo kuiona kesho. Mbu akinyonya damu yenye vimelea haambukizi siku hiyo hiyo. Kwa joto la bondeni vimelea vinahitaji siku 10 hivi kukua ndani yake na kufika kwenye tezi za mate. Kwa hiyo p unaizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi. Ikiwa ni 0.9, kati ya mbu 100 wanafika 35. Ikiwa ni 0.8, wanafika 11.

Dada aliweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia kwa kikokotoo cha simu, naye akabonyeza mwenyewe kuhakikisha. Kwa miaka alikuwa akipima vyandarua vyenye dawa na kuandika ripoti kwamba vinaua mbu, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kumpunguzia mbu uhai kidogo tu kila siku kunaangusha idadi ya waambukizaji chini ya theluthi. "Kumbe," alisema, mara mbili. Kisha akachukua penseli na kuandika lile swali.

Sikuwa na jibu. Ile 0.9 niliikuta kwenye makala, na makala ile iliikuta kwenye makala nyingine. Kwetu "chukulia" ni neno la kawaida kama "kwa hiyo". Unachukulia, unaendelea, na hakuna anayekudai risiti. Naye hakuishia hapo. "Na hawa mbu wako hawazeeki? Maana hapa naona wa jana na wa mwezi mmoja umewapa kifo sawasawa." Nilifungua mdomo, nikaufunga. Akaniambia kwamba watafiti wawili, Gillies na Wilkes, walishapasua mbu kwa maelfu kule Muheza, makala yao ni ya 1965, na waliona kwamba mbu wakongwe hufa haraka zaidi. Muheza ni Tanga, nyumbani kwa mama yangu, na habari hiyo nilikuja kuisikia Ulanga.

Siku nne tulipasua mbu 200, yaani yeye alipasua 170 na mimi nikahangaika na waliobaki. Waliokwisha kutaga walikuwa 128, sawa na asilimia 64. Hapo nikaona zamu yangu imefika. Kama mbu hunyonya damu, hutaga na kurudi kunyonya tena kila baada ya siku 2, basi waliokwisha kutaga ni wale waliouvuka mzunguko mmoja wakiwa hai: 0.64 ni p mara p, na p ni 0.8. Kama mzunguko ni siku 3, p inapanda hadi 0.86. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uipeleke siku 10: kwa p ya kwanza mbu 11 wanafika, kwa ya pili 23. Mara mbili ya mbu waambukizaji, kutoka kwenye hesabu ile ile ya mbu wale wale.

"Sasa dada, ni mbili au ni tatu?"

Alinyamaza muda. Jenereta likanguruma nje. "Miaka sita naandika mbili kistari tatu," alisema. "Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye kile kistari kuna kitu."

Nikisema ukweli, hapo ndipo nilipoanza kufanya kazi na mwanabiolojia. Tangu siku hiyo nimekaa kwenye warsha nyingi za kutukutanisha watu wa hesabu na watu wa viumbe. Chai, sambusa, beji shingoni, na ikifika chakula cha mchana wa hesabu wanakaa meza yao na wa mbu meza yao. Mada huwa nzuri. Kistari hakuna anayekitaja.

Tuliamua kukipima. Asubuhi tulipita nyumba hadi nyumba kwa tochi na mirija ya kunyonyea, tukiomba hodi na kuchungulia kuta za udongo na chini ya vitanda, tukakusanya mbu 40 waliovimba damu ya usiku uliopita. Bibi mmoja alituuliza kama tunawapeleka shule. Kila mbu akawekwa kwenye kikombe chake chenye pamba yenye maji na karatasi ya kuchuja juu yake, wavu mdomoni, na kipande cha pamba kilicholowa maji ya sukari. Ikabaki kungoja.

Katika kungoja huko dada alinisimulia kuhusu Ronald Ross, nami nilidhani namjua. Nilimjua kama jina la mlinganyo. Kumbe alikuwa daktari wa jeshi aliyekuwa akipasua mbu India kwa mikono yake mpaka akaona vimelea kwenye tumbo la mbu mwaka 1897, akapata tuzo ya Nobel 1902, na baada ya hapo ndipo akakaa chini kuandika hesabu. George Macdonald, aliyeziendeleza hesabu hizo miaka ya 1950, naye alikuwa daktari. Kwa hiyo hesabu za malaria nilizokuwa nikijivunia zilianzishwa na watu waliokuwa na sindano mkononi. Niliona haya kidogo, na gizani haikuonekana.

Usiku wa pili, saa kumi alfajiri, mlango ukagongwa. "Mwalimu! Amka, wametaga!"

Mayai ya mbu huyu ni madogo, meusi, kama vumbi la mkaa kwenye karatasi nyeupe. Vikombe 22 vilikuwa nayo. Vikombe vitatu vilikuwa na mbu waliokufa, na kumi na tano vilikuwa bado vitupu. Nilishaanza kugawanya kichwani, mbili na sehemu fulani, nikaita p mpya kwa sauti.

"Subiri," dada alisema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, kanga mabegani, macho mekundu. "Huyu wa kikombe maji yako chini ya miguu yake. Wa shambani anaruka gizani kuyatafuta, mvua inampiga, anachagua dimbwi. Akishataga anatafuta tena mtu. Huko kote umekuhesabu?"

"Bado."

"Basi andika kwamba bado."

Akaenda kulala. Mimi nikabaki na vikombe ishirini na viwili, brashi ndogo ya kuhesabia mayai, na kumi na tano vya kuangalia usiku unaofuata.