Maziwa ya mafuta ya taa

Juzi umeme ulikatika, jirani akawasha jiko lake la mchina. Harufu ya mafuta ya taa ilipoingia dirishani nikarudi maabara, mwaka wangu wa mwisho chuoni, nimesimama mbele ya bika ya maji ya manjano.

Maji yale tuliyachota Vingunguti, Dar es Salaam, kwenye karakana ya kupaka kromu bampa na rimu. Yalikuwa ya kusuuzia vyuma, na baada ya kazi yalimwagwa mtaroni. Umanjano ule ni kromu ya daraja la sita, ile inayosababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linataka kromu kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Na bonde la Msimbazi lipo hapo chini, watu wanalima mchicha.

Mwalimu alikuwa amenipa kazi ya utando kimiminika, yaani kutumia tabaka jembamba la mafuta kutoa uchafu kwenye maji, mbinu aliyoibuni Norman Li huko Marekani miaka ya 1960. Unachukua mafuta ya taa, unatia traioktilamini, amini inayoishika kromu, na kiungo cha kushikanisha mafuta na maji, kisha unamimina kostiki soda iliyoyeyushwa huku blenda ikizunguka kwa kasi. Inatoka emalsheni nyeupe, nzito, tukiiita maziwa. Ndani yake kuna vitone vidogo mno vya kostiki, kila kimoja kimezungukwa na mafuta.

Jioni ile niliyamimina maziwa kwenye maji ya manjano, nikawasha kikorogeo polepole. Mama wa maabara alikuwa ameshabeba mkoba wake aondoke, akasimama. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha nikaona kingo za bika zinapauka. Umanjano ulikuwa unahama: maji yanazidi kuwa meupe, maziwa yanaanza kupata rangi ya siagi. Amini inaidaka kromu upande wa maji yenye asidi, inaivusha kwenye mafuta, na ikikutana na kostiki inaiachia. Kromu ikishageuka huko ndani haina njia ya kurudi. Nilizima kikorogeo, maziwa yakapanda juu. Nikavuta maji ya chini kwa pipeti, nikadondoshea daifenilikabazaidi, dawa inayogeuka zambarau ikikutana na kromu hii. Kabla ya hapo tone moja liligeuza sampuli zambarau iliyokolea. Sasa ilikuja waridi hafifu, ukiishikilia kwenye mwanga ndipo unaiona.

“Mwanangu, umeisafisha,” akasema mama, akaweka mkoba chini.

Yaliyofuata yalienda haraka: vipimo, ripoti, utetezi. Tukampelekea mzee wa karakana majibu, pamoja na kichupa cha kostiki tuliyoitoa baada ya kuivunja emalsheni, manjano kali kabisa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

“Sasa mwanangu, haya mabaya mmeyakusanya. Mimi niyaweke wapi?”

Kwenye beseni lake la kromu yasingeweza kurudi vile vile, yana sodiamu. Mwalimu alieleza kwamba yanaweza kugeuzwa kromu ya daraja la tatu, isiyo kali kama ile, yakagandishwa kwa chokaa yakawa tope. Mzee akauliza tena: na tope?

Kule Lenzing, Austria, mwaka 1986, Rolf Marr na Josef Draxler wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz walijenga mtambo wa namna hii kwa ajili ya zinki kwenye majitaka ya kiwanda cha nyuzi za reyoni. Zinki iliyotolewa ilirudi kiwandani kufanya kazi, kwa hiyo swali la mzee halikuwahusu. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi kwa sababu ya kemia yake. Pale karakanani ndipo nilipoanza kuwaza kwamba kemia huenda ilikuwa nusu tu ya kazi.

Mzee alituaga vizuri, akatupa soda. Kichupa nilirudi nacho maabara, mama akakiandikia lebo na kukifungia kabatini. Karakana iliendelea kumwaga mtaroni, nami sikuwa na jibu la kumpelekea.