Siku moja na simu zinazomchunga suka, Moshi

Saa 10 na nusu alfajiri. Mtu akisikia "akili mnemba ndani ya basi" anawaza mitambo. Ni simu tu mbele ya suka, yaani dereva, inayotazama macho yake na kulia akisinzia. Kazi yenyewe inaanza na kitambaa cha kufutia lenzi. Halafu chaja: basi kubwa ni volti 24, chaja ya volti 12 inaungua. Mwisho simu inaachwa sekunde 10 kwenye stendi yake, injini imezimwa, basi limesimama tambarare, ili ijue chini ni wapi. Ukiruka hapo, tuta litahesabiwa breki ya ghafla.

Saa 12 basi la Dar linaondoka. Saa 12 na nusu konda anapiga.

"Fundi, hili dude linasema suka kalala, na tunaongea naye hapa!"

Ukitoka Moshi kwenda Himo asubuhi, jua unalo usoni. Dereva anakunja macho. Programu hugawa urefu wa jicho kwa upana wake: wazi ni kama 0.3, na likikaa chini ya 0.2 zaidi ya sekunde moja na nusu, alamu inalia. Sasa inalia kila kona. Mtandao unakata, konda anapiga tena, abiria wamechoka kelele, na bosi anasema punguza ukali yaishe. Hapana. Kwa mwendo wa 80, sekunde 2 za macho kufumba ni mita 44 bila dereva. Basi lisimame Himo dakika 5. Kikinga jua kishushwe, simu ihamie chini karibu na redio ione macho chini ya kofia, kisha suka atazame mbele sekunde 30 ili ipime macho yake yeye, siyo ya watu ambao programu ilifundishwa kwa picha zao.

Kimya. Hakuna anayepiga kushukuru.

Mchana ni ripoti tu, na simu moja iliyozima kamera yenyewe kwa joto la dashibodi. Za mabasi ya usiku zinahitaji taa ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni, na kamera inayouona. Kamera ya kawaida gizani haioni jicho.

Jioni ofisi inataka orodha ya waliosinzia ikate posho. Alamu ni ya kumwamsha mtu, siyo ya kumlipisha. Tumeshasema, mgongo unauma, hatusemi tena.

Basi la kutoka Dar limeingia. Kwenye lenzi, bigijii, bado laini.

Kitambaa kiko wapi?