Maua ya baridi: kumbukumbu ya vyungu vyangu, mwaka wa pili

Mwaka jana nilipoteza karibu kila kitu nikaisingizia baridi. Theluji ilipoyeyuka nikavimwaga vyungu: udongo unanuka dimbwi, mizizi myeusi inateleza vidoleni. Kumbe maua yangu yalizama. Mwaka huu naandika kila hatua.

Wiki ya 1. Joto bado kali, nami nasia viola, maua madogo ya kuchanua kwenye baridi. Ndivyo ilivyo: mwanga ukishapungua na baridi ikaingia, mmea karibu unaacha kukua, na umbo ulilofikia ndilo utakalokaa nalo hadi machipuo. Mwaka jana nilisia nikiwa nimechelewa, nikabaki na vimche vya kuhurumiwa. Trei iko sakafuni upande usio na jua, maana joto likipita nyuzi 25 hivi mbegu hizi hugoma. Nimezifunika kwa mboji kidogo na gazeti. Hupenda kuota gizani.

Wiki ya 3. Zimeota. Gazeti nimeliondoa siku hiyohiyo.

Wiki ya 5. Kinyausi, ule ukungu unaoozesha shingo za miche! Jioni miche ilikuwa wima. Asubuhi mistari miwili imelala chali, shingo zimesinyaa kana kwamba zimekazwa kwa uzi. Kosa ni langu, nilinyunyiza maji juu usiku. Nimeitoa iliyokufa pamoja na udongo wake, na sasa naiweka trei ndani ya sinia lenye maji, inanyonya kutoka chini, dakika kumi naitoa. Imebaki miche 41.

Wiki ya 11. Imehamia vyunguni. Matundu ya vyungu nimeyapanua, na kila chungu kimekalia vipande vya matofali ili maji yapate pa kutokea. Mchanganyiko ni mboji sehemu tatu, changarawe sehemu moja, vikakorogwa pamoja. Ule mtindo wa kutandika kokoto chini ya chungu nimeuacha. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hukwama juu ya tabaka hilo, na mizizi ndiyo inayolowa.

Kwenye chungu kikubwa nimezika vitunguu vya maua ya machipuo: vya dafodili chini, vya krokasi juu yake, viola zikawa dari. Tulipu zisubiri. Udongo wenye joto na unyevu huzitia ukungu.

Wiki ya 16. Tulipu 30 ardhini, kina mara tatu ya kimo cha kitunguu. Kesho yake nikakuta mashimo matano na maganda yametawanyika: kindi. Dafodili hakuzigusa, zina sumu naye anajua. Nimetandaza wavu wa kuku juu, nikaubana kwa mawe. Unachukiza macho, lakini heri wavu kuliko mashimo.

Wiki ya 24. Usiku wa jalidi ya kwanza nzito. Asubuhi viola zote zimelala, majani meusimeusi kama yaliyochemshwa. Mwaka jana ningekimbilia ndoo ya maji. Safari hii nilijilazimisha kukaa ndani. Saa tano nikachungulia: mashina yameanza kuinuka, na lile ua la manjano lililoinamia ukingo wa chungu limegeuka kutazama mbele. Udongo ulikuwa umeganda tu, mizizi haipati maji. Ulipolainika mmea ukanywa. Namwagilia tu nikichomeka kidole mpaka pingili ya pili na kukuta pakavu. Majuma mawili sasa sijagusa ndoo.

Wiki ya 31. Krokasi! Siku ya mawingu zimejifumba kama mayai madogo ya zambarau, jua likitoka zinafunguka. Nilidhani ni mwanga unaozifungua. Nikachuma moja nikaingia nayo kwenye chumba chenye joto na giza kiasi. Kabla sijamaliza kuvua viatu, petali zimekwisha kuachana. Joto ndilo linaloziamuru.

Wiki ya 36. Dafodili zimefika. Viola, baada ya kudumaa miezi mitatu, zimeanza kutanuka kwa kasi. Nakata kila ua linalonyauka pamoja na kikonyo chake. Ukiliacha, mmea unahamia kwenye mbegu na kusahau maua.

Wiki ya 40. Zimechanua tulipu 22 kati ya 25 zilizosalimika. Pakiti ilisema nyeupe, zimetoka waridi kali, na kando ya viola za manjano zinapigana vibaya. Nimezizoea siku ya tatu.

Wiki ya 43. Majani ya dafodili yamelala ovyo, na kila anayepita ananishauri niyakate. Siyakati kabla ya wiki sita tangu maua yaishe. Ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Viola zimechoshwa na joto, zimerefuka bila mpango. Mbili nimeziacha zizae. Matumba yake ya mbegu yakikauka hupasuka pande tatu na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo nimeyavika vipande vya soksi kuukuu. La kwanza limepasuka leo mchana: mbegu 38, kahawia, ndogo kuliko kichwa cha pini. Trei imeshaoshwa.