Mdiria wa Dunga, wiki ya 11: lenzi au kasia?

Waliofuata kumbukumbu hizi tangu mwanzo wanajua mradi wangu ni mmoja tu. Nataka picha ya mdiria, yule ndege mvuvi wa madoa meusi na meupe, akiwa amesimama hewani juu ya maji ya Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Viktoria, sekunde chache kabla hajajitosa. Picha moja safi, jicho lionekane, unyoya wa kifuani uhesabike. Wiki kumi zimepita na picha hiyo sina. Nilicho nacho ni mamia ya picha za kitu kinachofanana na povu la sabuni lenye mdomo.

Wiki hii sikupiga sana. Nilikaa na swali ambalo nimelikwepa muda mrefu: ni lenzi inayoniangusha au ni mimi mwenyewe?

Vifaa kwanza, kwa wageni. Kamera ni Canon EOS 1300D, ya mkononi mwa mtu, na ilikuja na lenzi mbili, ile fupi ya 18-55 na ile ndefu ya EF 75-300mm f/4-5.6 III (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta mbali zaidi). Hiyo ndefu ndiyo mshtakiwa. Ni lenzi ya mwaka 1999, enzi za filamu, ina gramu 480, haina kituliza mtikisiko, na ikitafuta fokasi inalia kama mashine ya kinyozi. Kwa kuwa kihisi cha 1300D, kile kinachopokea picha mahali pa filamu, ni kidogo kuliko fremu ya filamu kwa mara 1.6, milimita 300 zake zinaona kama 480. Mtu akisoma namba hiyo anadhani ndege wote wa ghuba ya Winam wameshaingia mfukoni. Mimi nilidhani hivyo.

Jumatatu usiku

Nilifungua laptopu nikapitia picha 412 za wiki tatu zilizopita. Nzuri nilizipita haraka, hazikuwa nyingi. Nilizikagua zilizokufa, na kila moja nikaiandikia chanzo cha kifo kwenye daftari la hesabu la mtoto wa dada yangu, ambaye aliniuliza kama nafanya homuwaki.

Mtikisiko, 171. Ndege mdogo mno kwenye fremu, 118. Fokasi kushika mafunjo yaliyo mbele badala ya ndege, 64. Mvuke wa joto juu ya maji, 31. Zilizobaki 28 ndizo mtu anaweza kumwonyesha mwenzake bila kuanza na maelezo.

Nilipoziangalia zile 171 kwa karibu nikaona aibu. Nyingi zilipigwa kwa kasi ya shata ya 1/200, yaani kamera ilifumbua jicho kwa sehemu moja ya 200 ya sekunde. Kanuni ya kushika lenzi isiyo na kituliza kila mtu anaijua: chukua milimita za lenzi, zidisha kwa 1.6, na kasi isishuke chini ya sekunde moja kugawa kwa namba hiyo. Milimita 300 mara 1.6 ni 480, kwa hiyo 1/500 ndiyo sakafu. Mimi nilikuwa nimeiacha kamera kwenye P, pale inapojiamulia kasi yenyewe, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga ukiwa bado wa kijivu, kamera ilijichagulia 1/200 bila kuniuliza. Hapo lenzi haina kesi ya kujibu.

Zile 64 za fokasi pia ni zangu. 1300D ina pointi 9 za kufokasi na ya katikati pekee ndiyo inayoshika vizuri mistari ya wima na ya ulalo. Nilikuwa nimeziacha zote 9 zifanye kazi, kwa hiyo kamera inashika kilicho karibu, na kilicho karibu Dunga ni mafunjo. Nimeacha ya katikati peke yake. Dakika moja ya kazi, baada ya wiki kumi.

Mvuke wa joto hauna dawa ya kununua. Ikifika saa tatu asubuhi jua limeshapanda, sisi tuko karibu kabisa na ikweta na hapa jua halipandi polepole, na hewa juu ya maji inaanza kucheza kama ile juu ya lami. Hata lenzi ya milioni itapiga hewa inayocheza.

Zikabaki zile 118 za ndege mdogo, na hapo ndipo mtu huanza kuangalia bei.

Jumatano

Tamaa yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa Sigma 150-600mm. Ile nyepesi yao, Contemporary, ina gramu 1930. Karibu kilo mbili, mkononi, ndani ya mashua. Na kwa bei yake mtu wa kwetu ananunua bodaboda ya mtumba inayomletea pesa kila jioni. Nikafunga ukurasa nikachukua kalamu.

Mdiria huyu ana urefu wa sentimita 25 hivi. Akiwa mita 30 nami niko kwenye 300, picha yake juu ya kihisi ni milimita 2.5, yaani pikseli 580 hivi kati ya 5184 za upana wa fremu. Hiyo ndiyo povu la sabuni. Ukiweka milimita 600 anapanda hadi 1160. Vizuri. Lakini ukibaki na 300 yako na kusogea hadi mita 15, anapanda hadi 1160 vilevile. Nusu ya umbali ni sawa na mara mbili ya lenzi, na nusu ya umbali Dunga inauzwa kwa nauli ya mashua.

Nilimpelekea hesabu hii mzee mwenye mashua ninayekwenda naye. Alisikiliza kwa adabu, akamaliza kufunga kamba, kisha akasema, "Omera, shida yako si umbali. Unamfukuza ndege kama askari wa kaunti anavyofukuza mama mboga. Huyu ana pahali pake. Sisi tutangulie tumngoje."

Kweli ana pahali pake. Kuna mkondo mwembamba kati ya mafunjo na magugumaji, karibu na wanakosafishia samaki, na kila asubuhi anasimama juu ya kipande kilekile cha maji. Alhamisi tulifika mapema, injini ikazimwa mbali, mzee akatusogeza kwa kasia hadi jua likawa mgongoni mwetu, tukanyamaza. Haikupita hata robo saa, mdiria akaja. Nakadiria mita 12.

Sijawahi kumwona hivyo. Mabawa yanapiga kwa kasi mpaka yanakuwa ukungu, mkia umekunjuliwa na kuinamishwa chini, mwili unayumba na upepo, lakini kichwa kimetulia kabisa, kama kimepigiliwa msumari hewani. Huyu ana kituliza mtikisiko chake. Nilipiga fremu 38, kwa 1/1000, ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kihisi kwa mwanga; ikipanda, picha inachafuka). Kumi na moja zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata tangu nianze.

Kwenye mafunjo nyuma yetu alikuwa anaita yule ndege mwenye tumbo jekundu, mgongo mweusi na utosi wa njano, ambaye wataalamu wanamwita Laniarius mufumbiri na ambaye watu wanasafiri kutoka nchi za mbali kuja kumtafuta kwenye mafunjo kama haya. Sauti unaipata, ndege humwoni. Mradi wa mwaka mwingine.

Jumamosi

Sasa haki kwa upande wa pili. Baada ya kusogea, kupandisha kasi na kutuliza fokasi, je, lenzi bado ina kosa? Rafiki yangu anayepiga picha za harusi aliniazima yake ya EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, yenye kituliza mtikisiko, kwa asubuhi moja, kwa sharti kwamba isiingie kwenye mashua. Basi nikakaa kwenye gati.

Kulikuwa na mashua imefungwa mbali kidogo, ubavuni ina namba ya usajili kwa rangi nyeupe juu ya buluu, na juu yake ametua yangeyange. Nikapiga kwa lenzi zote mbili, kitu kilekile, dakika zilezile. Yangu kwenye 300, tundu la kuingizia mwanga likiwa wazi kabisa kwenye f/5.6: namba inasomeka lakini kingo za herufi zimelainika kama zimeandikwa kwa chaki mbichi, na shingo nyeupe ya yangeyange ina uzi wa zambarau upande wa jua. Nikafunga tundu hadi f/8: herufi zimekaza, zambarau imepungua bila kwisha. Kisha ile ya kuazima, kwenye 250, f/5.6 wazi kabisa. Mashua ni ndogo zaidi kwenye fremu, bila shaka, ni 250 dhidi ya 300. Lakini nilipoikata na kuikuza hadi zilingane, ilikuwa safi kuliko yangu. Kwenye ubavu niliona hadi misumari. Milimita 50 nilizokuwa naziringia, kumbe zilikuwa za kwenye karatasi.

Kisha mtikisiko. Fremu 20 kwa kila lenzi, nimesimama, 1/125. Yangu ilinipa 3 zenye makali. Ile nyingine 16. Canon wenyewe wanasema kituliza chake kinaokoa hatua 3.5 za kasi, na kila hatua ni kukata kasi nusu. Kwa mikono yangu na chai ya asubuhi, nasema mbili na nusu. Hiyo bado ni tofauti ya kupiga kwa ISO 800 badala ya 3200 wakati ndege ametulia kwenye bua la mafunjo kabla jua halijatoka.

Ila kituliza kinatuliza mkono wako tu. Mdiria akianza kushuka kwenda majini, 1/125 itakupa mkwaruzo mweupe, uwe na kituliza au usiwe nacho. Kwa picha ya mradi huu, ile ya kusimama hewani, bado nahitaji 1/1000 na jua. Nusu ya sababu ya kununua iliyeyuka hapo hapo kwenye gati, na nusu iliyobaki, ile ya makali, ilinitosha.

EF 70-300mm IS II nayo niliifikiria kwa dakika kama tano. Ni nzuri, ni ya 2016, fokasi yake ni ya haraka. Ni gramu 710 na ni bei ambayo ingemaliza mashua za mwaka mzima. Basi.

Wiki ya 12, nyongeza

Nikaanza kutafuta 55-250 yangu. Ya kwanza niliyoitiwa ilikuwa hapa mjini, bei ya kuvutia mno. Muuzaji aliniambia ni mpya kama kutoka dukani. Niliiomba, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaangaza tochi ya simu kupitia upande wa mbele. Ndani, pembeni mwa kioo, kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui mchanga. Kuvu. Ukanda huu wa ziwa una unyevu na lenzi iliyofungiwa kwenye begi miezi inaota kitu. Zangu nazilaza kwenye kopo lenye vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nikamshukuru nikaenda zangu.

Ya pili niliipata Nakuru nilipokwenda kwa shughuli ya familia. Mwenyewe alikuwa anaitumia kwa heroe na mwari wa ziwani na sasa amehamia kamera isiyo na kioo cha ndani, zile za mirrorless. Tochi ilipita safi, pete ya kuvuta haikukwama, nikaifunga kwenye kamera yangu na kupiga bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara mpaka watu wakaanza kunitazama. Shilingi 16,500. Ile 75-300 nimempa mtoto wa dada, pamoja na daftari lake.

Leo asubuhi niliingia nayo kwenye mashua. Ina gramu 375, na kwa kimo ni fupi kuliko ile ya zamani kwa sentimita moja na kitu. Mzee aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hii ndiyo uliyotolea pesa zote hizo?"

"Ndiyo, mzee."

"Lakini ni ndogo."

Nikamwambia ni ndogo ndiyo, na inavuta kidogo kuliko ile nyingine. Alicheka mpaka mashua ikayumba, akatema mate majini, kisha akachukua kasia na kutusogeza mita nyingine tatu.