Siku moja maishani mwangu: kumpima mlinzi wa pembeni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kahawa kwanza, maneno baadaye. Naishi Ohio, na kazi yangu ni kupima wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa vyuo vikuu kabla ya drafti, ule uteuzi wa raundi 7 ambapo timu 32 za NFL huchukua vijana. Leo nina mmoja tu. Jina silitaji, ripoti ni ya aliyenilipa.

Kijana ni difensivu endi, mlinzi wa pembeni mwa mstari. Kazi yake kubwa ni kumfikia kwotabeki, yule mrusha mpira, amwangushe kabla hajaurusha. Kumwangusha hivyo ndiko kunaitwa saki, na saki ndizo zinazowatia watu wazimu.

Saa kumi na mbili na nusu nafungua kompyuta. Picha za televisheni hazinifai, kwa sababu kamera yao hufuata mpira, nami namfuata mtu asiye na mpira. Natumia zile za juu zinazoonyesha wachezaji wote 22.

Mechi ya kwanza, robo ya tatu. Kijana ameinama, mkono mmoja chini. Mpira ukitikisika tu, ameshatoka. Mbele yake yuko takeli, mkingaji wa kwotabeki, jitu la pauni zaidi ya 300 linalorudi kinyumenyume. Kijana analisukuma kifuani, jitu linajiegemeza mbele kujibu, na papo hapo anashusha bega na kupita chini ya kwapa lake. Kifundo cha mguu kimelala hata unaogopa kitavunjika, ila mwendo haupungui. Anafika, kumbe mpira umesharushwa. Kwenye takwimu hapo hakuna kitu. Nimeurudisha mchezo huo mara kumi na moja.

Saki zake zenyewe? Moja alipita bila kuguswa, wakingaji wawili wakitegeana. Nyingine kwotabeki alikaa na mpira mpaka akazeeka nao.

Mechi ya pili inanichanganya. Mkono wa kushoto umelegea, haushiki mtu. Naandika: "mkono wa kushoto mvivu."

Saa nne, nikiwa njiani, namkumbuka Travon Walker, mlinzi mwingine wa pembeni niliyewahi kumpima, kama ninavyomkumbuka kila nikitaka kuandika haraka. Drafti ya 2022 ilikuwa na Aidan Hutchinson wa Michigan, saki 14 msimu wa 2021, rekodi ya chuo chake. Walker wa Georgia alikuwa na 6. Nilimweka chini sana. Sikujali kwamba Georgia walimtumia hata katikati ya mstari, azibe njia wenzake wapate sifa. Sikujali pia kwamba aliikata yadi 40 kwa sekunde 4.51 akiwa na pauni 272. Jacksonville wakamchukua wa kwanza, Detroit wakamchukua Hutchinson wa pili. Msimu ule Hutchinson akapata saki 9.5 (wawili wakimwangusha mtu pamoja, kila mmoja huhesabiwa nusu), Walker 3.5, nami nikatembea kifua mbele. Mwaka uliofuata Walker akafikisha 10, na 2024 akapata 10.5. Hutchinson bado ndiye ningemchagua, lakini kifua nimekirudisha mahali pake.

Saa sita mchana mama anapiga kutoka Kakamega, kwao saa moja jioni.

"Bado unatazama vijana wakigongana, mwanangu?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Na huyo wa leo, anakula vizuri?"

Nimecheka, kisha nikaandika. Ana pauni 248. Je, mwili utabeba 260 bila kupoteza ile hatua ya kwanza? Wiki nzima hakuna bosi aliyeniuliza swali la maana kama hilo.

Saa tisa alasiri, mazoezini. Makocha humsifia kila mtu, kwa hiyo huwa nasimama karibu na mtunza vifaa. Mzee huyu husema machache huku akihesabu helmeti. Nimemuuliza kuhusu glavu tu, kwa kuwa niliona kijana akiivua ya kushoto kwa meno.

"Hiyo? Ni ya tatu wiki hii. Kila siku anaomba kubwa zaidi. Dole gumba limevimba tangu mechi ile, na kwa daktari hataki kwenda."

Mechi ile ndiyo ile ya pili.

Saa mbili usiku, mezani. Wali umepoa. Nimefuta neno "mvivu", nikalirudisha, nikalifuta tena. Uvumilivu wake unanivutia, lakini kijana anayewaficha madaktari jeraha naye ana walakini, na hilo pia nimeliandika. Daraja: raundi ya tatu, labda ya pili. Chini kabisa, kwa wale watakaompima Indianapolis, kwenye majaribio ya NFL kabla ya drafti, nimeongeza mstari mmoja: dole gumba la kushoto lipigwe eksirei.